Gari Lisilokula Mafuta

Nchi ya Mwinamo haipo. Nimeitafuta kwenye ile ramani kubwa iliyobandikwa kwa daktari wa meno, nikaitafuta tena huku nang'olewa gego, nikaikosa mara zote mbili. Kwa hiyo akitokea mtu akasema nimemsema yeye, au shemeji yake, au barabara inayopita mlangoni pake, huyo atakuwa amejitaja mwenyewe. Mimi simo.

Nchi hiyo isiyokuwepo ilikuwa na mji mkuu uliojengwa kwenye mteremko, na mteremko ulikuwa na barabara moja tu, Barabara ya Heshima. Juu kileleni palikuwa na Ikulu, wizara zote, na hospitali kuu, maana viongozi nao huugua. Chini kabisa bondeni palikuwa na machinjio, dampo na makaburi. Sisi raia tuliishi katikati, tukiwa huru kabisa kuchagua upande wa kuelekea.

Kila nchi ina adabu zake. Adabu kuu ya Mwinamo ilikuwa kwamba kiongozi hapandi. Kiongozi yuko juu, anawashukia raia wake, basi. Ukisema mheshimiwa amepanda, umesema kwamba hapo kabla alikuwa chini, na huo ni uchochezi. Ila mheshimiwa akishashuka kuzindua choo cha soko, lazima arudi kwake kula. Ndipo wazee wa itifaki wakatunga utaratibu: msafara ukigeuza, king'ora kinabadili mlio, kinakoroma kama fahali, na kila aliyeko barabarani anageukia ukuta, anabandika paji la uso, anangoja upite. Tulizoea. Kuta zote za kando ya barabara zilikuwa na madoa ya mafuta ya nywele, kila mtu kwa kimo chake. Mama akitaka kujua mwanawe amekua kiasi gani, anatazama doa la mwaka jana.

Kwa hiyo kiserikali, katika nchi ile, hakuna kilichowahi kupanda isipokuwa bei.

*

Jirani yangu Maulidi Kingwande alikuwa fundi magodoro. Mkewe, Bi Sikudhani, figo zilimgomea, ikawa kila Jumanne na Ijumaa lazima apelekwe hospitali kuu akasafishwe damu kwa mashine. Akikosa mara moja, miguu inavimba kama mito anayoshona mumewe. Akikosa mara mbili mfululizo, daktari alisema, basi msiniite mimi, iteni watu wa bondeni.

Maulidi akaamua kununua gari. Alitaka la bei ndogo lisilobugia mafuta, na kama mjuavyo, mtu akisema hadharani kwamba anatafuta gari, mtaa mzima unageuka wahandisi.

"Fundi, usichukue jekundu," alimwonya Mama Havintishi, muuza maandazi. "Jekundu linakunywa sana. Shemeji yangu alikuwa nalo, akalipaka kijivu, likapunguza."

"Rangi na mafuta vinahusiana nini, Mama Havintishi?"

"Mimi nakwambia nilichokiona kwa macho haya. Wewe kajue pamba."

Dalali akamletea kigari kidogo cha mtumba, rangi ya ugoro, injini yake ukiifunika kwa kawa haionekani. "Mzee wangu, hiki hakili mafuta," aliapa. "Kinanusa tu."

Bi Sikudhani aliingia kiti cha mbele, akaketi, akatengeneza kanga yake. "Mwanangu," alimwambia dalali, "habari za kunusa muulize fundi. Mimi nina swali moja. Kinapanda?"

"Kinapanda, mama, mpaka utakiomba kishuke."

Na kweli kilipanda. Kililia, kilitoa moshi mwembamba kama wa udi, lakini kilipanda. Masika yote Bi Sikudhani alikwenda juu Jumanne na Ijumaa, akarudi na uso umetakata, akitukana madereva wenzake kupitia dirishani ingawa yeye mwenyewe hakuendesha. Maulidi alitia mafuta kidogo kila wiki, tena kwa kidumu cha siki. Niliwaonea wivu, sitaficha.

*

Kisha petroli ikaadimika. Sababu zake zilitangazwa redioni lakini siku ile hapakuwa na umeme.

Waziri wa Mafuta na Visivyo Mafuta, Mheshimiwa Ndondole, akaunda Tume ya Kuchagua Gari Nafuu la Taifa. Magari matatu yangeshindanishwa mbele ya wananchi. La kwanza lilikuwa la Waziri mwenyewe, refu kama jahazi la harusi, lililoletwa ili wananchi waone mfano wa gari lisilofaa kwao. La pili, kuwakilisha magari madogo, lilikuwa kile kigari cha Maulidi, ambacho Tume ilikiazima kwa barua ya kumpongeza. La tatu lilitengenezwa na shemeji wa Waziri, mwenye karakana ya milango ya chuma, na liliitwa Nafuu.

Nafuu lilikuwa na magurudumu manne, viti vinne, usukani, honi na bendera. Halikuwa na injini. Lilikuwa na breki, lakini mhandisi wa Tume aliing'oa asubuhi ile baada ya kugundua kwamba breki ndiyo adui mkubwa wa mwendo.

Mashindano yalianzia wapi? Juu, bila shaka. Shughuli ya serikali itaanzia wapi tena? Magari yakapangwa kwenye lango la Ikulu, Waziri akapunga leso, yakashuka hadi bondeni. Huko Tume ikachovya vijiti kwenye matangi. Gari la Waziri lilikuwa limekunywa kama mfiwa. Kigari cha Maulidi kilikuwa kimelamba kidogo tu. Nafuu, lililoingia kwenye tope la makaburini kwa kasi iliyowatoa watu machozi, lilichovywa kijiti mahali ambapo tangi lingekuwepo, na kijiti kikatoka kikavu kabisa.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Mheshimiwa Ndondole. "Wenzetu wa ng'ambo wamehangaika miaka na mikaka kutafuta gari linalokula kidogo. Wana vyuo, wana maabara, wana miwani. Lakini hawakujiuliza swali moja la kizalendo: kwani gari ni mgeni, hata likija lipewe chakula?"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mimi mwenyewe nilipiga, maana hoja ilikuwa nzito na askari walikuwa wengi. Ndipo Maulidi akanyoosha mkono.

"Na kupanda je, mheshimiwa?"

Kimya kilichoingia pale nimewahi kukisikia mara moja tu, harusini, bibi harusi alipotaja jina lisilo la bwana harusi.

"Kupanda wapi, mzee?" Waziri aliuliza kwa upole wa kutisha.

"Hospitali, mheshimiwa. Mke wangu ana figo."

"Kwani hospitali iko juu?"

Maulidi aliitazama hospitali, ambayo ilionekana vizuri kabisa kule kileleni, nyuma ya kichwa cha Waziri. "Iko hapo nyuma yako, mheshimiwa."

"Nyuma siyo juu. Keti."

Maulidi akaketi. Bi Sikudhani, aliyekuwa kando yake, akanong'ona kwa sauti ya kutosha safu tatu: "Angalau wewe umeuliza, Fundi. Mimi ningemrushia kiatu, ila nina miguu hii hii na viatu hivi hivi."

*

Sheria ikatoka wiki hiyo hiyo. Kwa kuwa gari la taifa halihitaji mafuta, vituo vya mafuta vilifungwa kwa raia, na petroli iliyobaki ikahifadhiwa kwa shughuli nyeti, nazo zilikuwa zile za itifaki ambazo hazitazamwi. Magari yote yenye injini yakakusanywa yawe kielelezo cha ujinga wa zamani. Kigari cha Maulidi hakikurudi. Alipewa Nafuu jipya, breki yake ikiwa imeshang'olewa na bendera yake ikiwa bado kwenye nailoni.

Mtaniuliza, kwa nini asimbebe mkewe mgongoni? Nanyi mna haraka kama serikali. Lango la hospitali kuu lilikuwa na kanuni yake: mgonjwa anapokelewa akiwa ndani ya gari la taifa. Aliyefika kwa miguu alikuwa amethibitisha kwamba anaweza kutembea, kwa hiyo ni mzima. Aliyebebwa mgongoni alihesabiwa mzigo, na mizigo ilipokelewa mlango wa jikoni.

Ili tusione kwamba tumetupwa, Mheshimiwa Ndondole aliunda Tume ya Nishati Mbadala. Hiyo ilifanya kazi usichezee. Walikusanya mafuta yaliyokwisha kukaangia maandazi kwa Mama Havintishi. Wakakosa pa kuyatia, wakayapaka magurudumuni, na Nafuu likashuka kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana, likifuatwa na mbwa wote wa mtaa. Wakajaribu upepo, wakatundika vitenge juu ya gari kama matanga. Upepo wa Mwinamo nao una adabu, unatoka juu. Wakajaribu jua, wakabandika kioo cha umeme wa jua juu ya paa, kikawasha taa moja nzuri iliyotuwezesha kuuona mlima vizuri zaidi. Mtaalamu mmoja akapendekeza gesi ya kinyesi cha ng'ombe, lakini ng'ombe wote wa mji walikuwa wa waheshimiwa, na kinyesi chao kilikuwa siri ya serikali.

Hatimaye Waziri akaitisha mkutano, akatangaza kwamba nishati imepatikana, tena ilikuwa hapa hapa nyumbani siku zote. "Haichafui hewa," alisema. "Haiagizwi ng'ambo. Haihitaji ghala. Na sifa yake kubwa kuliko zote, inajilisha yenyewe." Tukainuka kwenye ncha za vidole tuione. Akatunyooshea kidole sisi.

*

Basi tukawa tunasukuma. Jumanne na Ijumaa alfajiri, Maulidi anashika upande wa kulia, mimi kushoto, Mama Havintishi katikati na beseni lake kichwani, kwa sababu biashara haisubiri. Bi Sikudhani anashika usukani. Kila tukichoka, Maulidi anasokomeza jiwe nyuma ya gurudumu, tunahema, tunaendelea.

"Jamani, mnanisukuma kama jokofu," Bi Sikudhani alilalamika. "Hata honi hampigiwi, mnatia huruma." Akatupigia honi.

Mwanzoni tulikuwa wengi. Baadaye kila nyumba ikawa na Nafuu lake na mgonjwa wake wa kusukuma, tukabaki watatu. Tulifika kwa kuchelewa, lakini tulifika. Mashine ilimsafisha, na kurudi kulikuwa rahisi mno: tunarusha kamba nyuma, tunaning'inia sote kama kupe, na Nafuu linashuka likituburuta mpaka nyumbani. Viatu vyangu vya kustaafia viliishia kwenye lami ile.

Jumanne moja barabara ikafungwa kutwa nzima. Walikuwa wanaifagia, kwa kuwa Ijumaa Mheshimiwa Ndondole angeshuka bondeni kuzindua maegesho ya kisasa ya magari yote ya Nafuu yaliyokuwa yakikwama huko. Bi Sikudhani hakwenda juu. Kufikia Alhamisi miguu yake ilikuwa imejaa, na alipoongea alipumzika katikati ya maneno. Hakuna aliyesema neno la daktari. Sote tulilikumbuka.

Ijumaa tulianza kusukuma kabla jua halijatoka. Sijawahi kusukuma kitu namna ile. Mama Havintishi aliacha beseni nyumbani, hapo ndipo nilipoelewa hali. Maulidi hakuongea njia nzima isipokuwa "tena" na "jiwe". Msafara wa Waziri ulitupita ukishuka, na huo unaruhusiwa kutazamwa, tukaupungia kwa vichwa. Jua likapanda, samahani, likawa kali. Kufikia saa sita tulikuwa kona ya mwisho. Lango la hospitali tuliliona. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ilitufikia puani, nikamsikia Bi Sikudhani akisema ndani ya gari, taratibu, "Hiyo. Leo inanukia kama pilau."

Ndipo king'ora kikakoroma huko chini.

*

Askari wa barabarani alitufikia mbio. Alikuwa mtu mzima, uso wa mtu mwenye mkwe mkali. "Ukutani! Ukutani! Mheshimiwa ana… anaendelea na safari!"

Maulidi akalisokomeza jiwe. Askari akalipiga teke likabingirika mtaroni. "Jiwe kwenye Barabara ya Heshima? Unataka mheshimiwa arushwe kama mbegu za maboga?"

"Afande, gari halina breki. Mke wangu yumo ndani, mgonjwa. Lango lile pale."

"Mzee, geuka."

"Nikigeuka nani atalishika?"

Askari alimwangalia Bi Sikudhani kupitia kioo. Nitakuwa mkweli, uso wake ulilainika. "Haya," alisema. "Sisi askari haturuhusiwi kugeuka. Nitalishika mimi. Geuka, baba. Dakika mbili tu."

Akashika nguzo ya mlango wa gari kwa mikono yote miwili, akakita miguu. Tukageukia ukuta, tukabandika mapaji. Hapakuwa na madoa yetu kwenye ukuta ule, ni mtaa wa wakubwa. Paji langu liliteleza kwenye rangi mpya. Msafara ukapita nyuma yetu, gari baada ya gari, injini kubwa kubwa zikiguna, na harufu tamu ya petroli ikatuvaa mpaka Mama Havintishi akapiga chafya.

Waziri hukaa gari la mwisho, ndiyo desturi. Na mheshimiwa anapopita, askari hupiga saluti. Na saluti ya Mwinamo, hili nililisahau na Maulidi alilisahau, ni ya mikono miwili, na kwa kukakamaa, visigino vimegongana.

Nilisikia visigino vikigongana. Kisha nikasikia honi, ikienda mbali.

Tulipogeuka, askari alikuwa bado amekakamaa na mikono yote miwili kichwani, machozi yanamtoka. Nyuma yake palikuwa na barabara tupu, imefagiliwa vizuri.

*

Tulimkuta bondeni, Nafuu limezama kwenye tope kandokando ya uzio wa makaburi, nje kidogo ya maegesho ya kisasa. Hakuumia popote. Alikuwa amekaa wima, kanga imetengenezwa, mikono kwenye usukani.

"Fundi," alisema, "kweli halili mafuta."

"Tutakusukuma tena, mke wangu. Sasa hivi."

"Kwa mikono ipi? Mwangalie jirani yako, hana pumzi hata ya kunipa pole."

Nilijaribu kumpa pole. Nikaishia kukohoa.

"Tutafika," alisema Maulidi.

"Nimepita nyumbani," alisema Bi Sikudhani, akapumzika, akaendelea. "Umesahau kuanua magodoro. Na mvua inakuja."

Mvua ilikuja kweli. Barabara ya Heshima ikateleza kama bamia, na tulipofika katikati, kwetu, hospitali ilikuwa imeshafunga hadi Jumanne. Bi Sikudhani alikufa Jumapili, adhuhuri, mumewe akiwa amemwekea chini ya miguu mito yote aliyokuwa nayo dukani.

*

Mazishi yalikuwa na heshima kubwa. Kutoka nyumbani kwetu hadi makaburini ni kushuka, na kila kinachoshuka katika nchi ile ni shughuli ya serikali, kwa hiyo Mheshimiwa Ndondole alikuja na vipaza sauti. Jeneza likawekwa kwenye Nafuu. Hatukusukuma. Tulilishika tu kwa kamba lisikimbie, likateremka kwa utulivu, bendera inapepea, likasimama lenyewe kwenye tope lile lile.

Tume ikachovya kijiti, kikatoka kikavu.

"Ndugu wafiwa," alisema Waziri, akijifuta jasho kwa leso ya kuzindulia, "wako waliotilia shaka gari hili. Wako waliouliza maswali. Leo marehemu mama yetu amewajibu. Amefika alikokuwa anakwenda, kwa wakati, bila tone moja!"

Watu wakatazama chini. Mmoja akapiga makofi, akaacha. Maulidi alikuwa anamwaga udongo kwa koleo, hakuinua kichwa.

Waziri alipomaliza, king'ora kikakoroma, tukageukia ukuta wa makaburi, akaenda kula.

Sisi tukarudi na kujipanga kwenye kuta zetu kungoja matanga yaanze. Maulidi alibaki nyuma. Nafuu aliliacha kwenye tope, mlango wazi. Baadaye tukamwona anakuja peke yake kwa miguu, viatu mkononi, tope hadi magotini, ameinamia mlima kama anayesukuma kitu. Alikuwa anasimama kila baada ya nyumba kadhaa, anatazama nyuma ya kisigino chake, kama mtu anayetafuta jiwe.

Hakukuwa na king'ora. Askari hakuwepo. Mama Havintishi ndiye aliyeanza: aliweka beseni chini, akageuka, akabandika paji ukutani. Kisha mimi. Kisha dalali, kisha nyumba zote za kandokando, mbili mbili, wazee kwa vijana, kila mtu kwenye doa lake. Nilisikia hatua zake zikipita nyuma yangu taratibu, zikijikokota, zikaendelea.

Kiserikali, siku ile hakuna aliyepanda.